Hii miaka milioni wanaitoa wapi kwa jiwe?

Baba wa Rongai: Wadau habari zenu, wikendi nilipeleka watoto Kariandusi pale karibu na Gilgil, kijana wa kututembeza akatushikisha jiwe jeupe jepesi kama chaki akasema ni viumbe vidogo vya ziwa la kitambo, kama miaka milioni moja. Mtoto akauliza "kwani walikuwa wameandika tarehe?" nikakosa jibu. Kweli wanajuaje?

Mzee wa Tabaka: Mkuu hiyo ni daitomaiti, maganda ya daitomu, mwani wa chembe moja wenye ganda la silika kama kioo, wakifa yanatua chini yanarundikana. Lakini daitomu za pale hazikupi sana umri, zinakwambia maji yalikuwa aje. Kuna za maji matamu yenye kina, kuna za chumvi, kuna zinazoshika kwa majani ukingoni. Za Kariandusi ni za maji matamu, na saa hii ukiangalia Elementaita hapo chini ni magadi tupu, sasa jiulize hilo ziwa lilikuwa kubwa aje. Umri unatoka kwa majivu ya volkano yaliyolala katikati ya tabaka, wanapima potasiamu iliyogeuka kuwa gesi ya agoni, juu inageuka kwa mwendo unaojulikana. Olorgesailie njia ya Magadi ni vile vile, huko tabaka zinaanza kama miaka milioni 1.2 iliyopita.

Mama Tasha: Kwa hivyo visukuku havitoi umri kabisa? Si tuliambiwa shule vinatoa

Mzee wa Tabaka: Vinatoa dadangu, haswa vya baharini. Foraminifera zinazoelea, yaani viumbe vidogo vya chembe moja vyenye ganda, zilisambaa bahari nyingi, aina moja inatokea, inaishi, inapotea, na karibu zote zilikufa ile miaka milioni 66 iliyopita dinosaria walipoisha. Ukipata aina tatu nne pamoja unajua uko wapi kwa kalenda. Wachimba mafuta wanazipenda juu keekee inasaga kila kitu kikubwa lakini hizi ndogo zinapita nzima. Shida ni shimo, vitu vya juu huanguka chini vikachanganyika, ndio maana ukishuka unaamini zaidi mahali aina inaonekana mara ya kwanza kutoka juu kuliko mahali inaishia. Lokichar nayo, kule kwa mafuta Turkana, usitafute foraminifera, ilikuwa ziwa na mito, huko wanasoma chavua.

Kuku Kienyeji: ati ni hiyo unga nyeupe mimi hunyunyizia kuku juu ya utitiri?? miaka yote napaka kuku ziwa 😂

Mzee wa Tabaka: Ndio hiyo 😂 lakini funga pua ukinyunyiza, hiyo vumbi si nzuri kwa mapafu

Baba wa Rongai: Asanteni sana. Sasa huyu kijana amebeba kipande kwa mfuko wa kaptura na anataka kuviona, maikroskopu ya shule inaweza?

Mzee wa Tabaka: Inaweza, kuza mara 400. Kwangua kidogo sana, tia tone la maji, funika na kile kioo. Wengi huweka nyingi wanaona ukungu tu