Evenkia: watu elfu 16 kwenye eneo kubwa kuliko Kenya. Ilistahili kushushwa kuwa wilaya?

Karani wa Ramani
Wadau, nauliza na jibu langu ninalo. Evenkia iko katikati ya Siberia, kilomita za mraba zaidi ya 763,000. Sensa ya 1989 ilikuta watu 24,700 na ushee. Ya 2010 ikakuta 16,253. Tangu 1930 ulikuwa mkoa wenye mamlaka yake ya ndani. Aprili 2005 ikapigwa kura ya maoni, na 1 Januari 2007 ukaingizwa katika Jimbo la Krasnoyarsk, ukawa wilaya, makao yake Tura. Mimi nasema ilikuwa sawa. Watu wasiojaza nusu ya uwanja wa mpira walikuwa na gavana, baraza la kutunga sheria, wawakilishi wawili kwenye baraza la juu la bunge na mbunge wao Duma, baraza la chini. Nchi yenyewe haina mtu. Gavana anamtawala nani?

Binti Kisauni
"Haina mtu"? Kaka, umetoka kuandika 16,253, mstari wa pili wameshafutika! Waevenki, wenyeji wa asili wa huko, ni nani kwako?

Karani wa Ramani
Dada, usinilishe maneno. Nazungumzia msongamano wa watu, si utu wao.

Binti Kisauni
Msongamano ungesema "watu wachache". Umesema hakuna. Mwaka 1908 lile jambo kubwa lilipolipuka angani juu ya Tunguska, humohumo Evenkia, na kuangusha miti eneo la kilomita za mraba elfu mbili hivi, dunia ikaambiwa vilevile, kwamba limetokea mahali pasipo na mtu. Wakati Waevenki walikuwa wanachunga reinidia wao, wale kulungu wa nchi za baridi, humohumo msituni! Mwanasayansi Kulik alipokwenda 1927 kulitafuta eneo lenyewe, nani walimwongoza njia? Haohao wasiokuwepo.

Fundi Mitambo
Tusitoke nje ya mada. Waevenki wa Evenkia hata elfu nne hawafiki. Sensa ya 2002 ilikuwa 3,802, kama mmoja kati ya watano, wengi waliobaki ni Warusi. Waevenki wa Urusi nzima ni kama elfu 38, na zaidi ya nusu wako Yakutia, jimbo la jirani. Sasa huo mkoa ulikuwa wao kwa lipi zaidi ya jina?

Binti Kisauni
Asante kwa takwimu, na mimi nakurudishia. 1989 walikuwa 3,480. Mkoa mzima ulipopoteza maelfu ya watu baada ya Usovyeti kuanguka, wao wakaongezeka. Waliofunga mizigo ni waliokuja kwa kazi, na kazi ilipokwisha wakaondoka. Kwa hiyo unaposema "watu wamepungua, ufutwe", unawaadhibu waliobaki kwa kuhama kwa wengine.

Mzamiaji
Nimesoma Krasnoyarsk, na bwenini nililala chumba kimoja na kijana wa Baykit, huko Evenkia. Naona hapa watu mnahesabu vichwa bila kutazama mito. Tura iko pale mto Kochechum unapoingia Nizhnyaya Tunguska. Baykit na Vanavara ziko kwenye mto mwingine kabisa, Podkamennaya Tunguska. Yote miwili inamwaga Yenisei, lakini kila mmoja kivyake. Barabara ya mwaka mzima ya kuziunganisha hakuna. Matishari ya mafuta na chakula yanawahi mafuriko ya masika kabla maji hayajashuka. Msimu wa baridi malori yanapita juu ya barafu na theluji. Zaidi ya hapo ni ndege. Kwa mtu wa Baykit, Tura haikuwa jirani hata siku moja. Yule kijana alikuwa akiniambia kwao mjini ni Krasnoyarsk. Kura ya 2005 ilipita Evenkia kwa karibu asilimia 80, wala simshangai aliyesema ndiyo.

Mwana wa Mto
Mzamiaji, asilimia 80 ya nini, wakati mfuko ulishatoboka? Gavana wao Zolotaryov alitoka Yukos, kampuni ya mafuta, na hela ya mkoa ilikuja na Yukos. Oktoba 2003 bosi wa Yukos, Khodorkovsky, akakamatwa, kampuni ikaanza kuvunjwa, na kabla miaka miwili haijaisha karatasi ya kura iko mezani. Mwenye njaa ukimuuliza kama anataka kuhamia kwenye nyumba yenye chakula, hilo si swali.

Karani wa Ramani
Basi umenisaidia! Mkoa ulioishi kwa kampuni moja ulikuwa na mamlaka gani? Na mafuta ya upande wa Baykit hayakuondoka. Bomba la kutoka Kuyumba, upande huohuo, hadi Tayshet kusini lilifunguliwa 2017, Evenkia ikiwa wilaya.

Mwana wa Mto
Bomba linalotoka. Mafuta yanakwenda kusini, Tura inasubiri tishari.

Binti Kisauni
Na bwawa je? Serikali ilikuwa na mpango wa bwawa kubwa la umeme kwenye Nizhnyaya Tunguska, ambalo ziwa lake lingeifunika Tura yenyewe. Mpango wa enzi za Kisovyeti, 2008 ukarudi kwenye mipango ya taifa, mwaka mmoja tu baada ya muungano. Mahali "pasipo na mtu" ndipo panapozamishwa bila kuulizwa. Ndiyo maana neno lako limeniuma, Karani.

Fundi Mitambo
Na halikujengwa, bila gavana wala mbunge wao. Kwa hiyo cheo cha mkoa hakikuhitajika.

Binti Kisauni
Halikujengwa hadi leo kwa sababu wakazi, vyama vya Waevenki na wanamazingira walipiga kelele, na fedha zenyewe zilikuwa ngumu. Ukija mpango mwingine, Evenkia ina viti 2 kati ya 52 vya bunge la jimbo. Nionyeshe hapo wanaweza kuzuia nini.

Karani wa Ramani
Viti 2 kwa watu elfu 16, kwenye jimbo la watu karibu milioni 3! Wa Krasnoyarsk mjini ndio wangelalamika.

Mzamiaji
Karani, bado hujajibu kuhusu "haina mtu".