Mgombea asiye na chama bunge la Maine: anasema kweli au anagawa kura tu?

Mbongo wa Portland: Wakuu, huku jimbo la Maine, Marekani, msimu wa uchaguzi haupiti bila mgombea asiye na chama, au wa Green (chama kidogo cha mazingira), kugonga mlango na kutuambia Democrat na Republican ni baba mmoja mama mmoja: pango linapanda, wao wanarushiana maneno bungeni Augusta, makao makuu ya jimbo. Watu wetu wanamsikiliza kwa adabu. Akiondoka tu, "kura itapotea hiyo." Mimi nabisha.

Baraza la Wawakilishi la jimbo hili lina viti 151, na wakazi wote ni kama milioni 1.4. Kila kiti ni watu kama 9,000. Hiyo ni kata kabisa, mtu anaimaliza kwa miguu. Pesa nayo si kisingizio: kwa sheria iliyopitishwa na wapiga kura 1996, mgombea wa baraza hilo akikusanya dola 5 kutoka kwa wapiga kura 60 wa eneo lake, anaweza kupewa fedha za umma za kampeni. John Eder wa Green alishinda hapahapa Portland 2002. Ramani mpya ya mipaka ikamwacha nje ya eneo lake. Akahama nyumba, na 2004 akamwangusha Democrat aliyekuwa na kiti. Kura ipi ilipotea hapo?

Mkenya Lewiston: Ndugu yangu, mbona hadithi umeikatia 2004? 2006 Democrat alimbwaga. Na hiyo miaka minne alikuwa Green peke yake kati ya 151. Mswada haupiti kwa kuwatusi wale unaohitaji kura zao. Halafu kumbuka ugavana 2010: LePage wa Republican aliingia na asilimia 38 hivi, Eliot Cutler asiye na chama akapata 36, Democrat Libby Mitchell 19. Wengi hawakumtaka LePage, lakini waligawana.

Mbongo wa Portland: Asante kwa mfano, maana ni wangu. Cutler alikuwa wa pili, Mitchell wa tatu. Sasa aliyegawa kura ni nani? Chama kikubwa hata kikishika mkia hakiambiwi kimeharibu uchaguzi. Lawama hiyo imetengewa mtu wa nje tu.

(Wabongo wenzangu mnielewe. Kwetu Mahakama ya Afrika pale Arusha ilimpa Mchungaji Mtikila ushindi 2013 kuhusu mgombea binafsi, na 2015 na 2020 hakuna aliyegombea bila chama. Nikiona mlango uko wazi, siwezi kuudharau.)

Mama Goma: Wote mnazunguka jambo lenyewe. 2016 wananchi walipitisha mfumo wa mpiga kura kupanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu; asipopatikana wa kuvuka nusu, wa mkiani anatolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata. 2017 majaji wa mahakama ya juu ya jimbo wakatoa maoni kwamba katiba ya Maine, kwa gavana na bunge la jimbo, inampa ushindi anayeongoza tu, hata asipofika nusu. Kwa hiyo mfumo huo unatumika kwenye mchujo wa vyama na kuchagua wabunge wa Washington. Ndivyo Jared Golden wa Democrat alivyomshinda Bruce Poliquin wa Republican 2018 baada ya kuwa nyuma raundi ya kwanza. Gavana na bunge la jimbo, mwezi wa kumi na moja, haupo. Kubadili katiba kunataka theluthi mbili ya mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo, kisha kura ya wananchi. Yaani huyo anayewatukana wote wawili anahitaji wote wawili. Mimi akija namwuliza hilo kwanza, habari za pango baadaye.

Mkenya Lewiston: Hapo mama umesema. Akijibu kwamba atawashinikiza kutoka nje, simpi kura.

Mbongo wa Portland: Mimi nampa, mradi awe na majina ya wawakilishi ambao ameshaongea nao, wa pande zote.

Mama Goma: Basi aseme pia siku ya kumchagua Spika atampigia nani. Wengi huwa wanakwepa hapo.