Mjadala: Jengo la umma likiisha, mteja apewe modeli yenyewe au PDF na IFC zinatosha?

Mleta mada

Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo nataka tulijadili kwa kina maana kila mradi tunagombana nalo siku ya kukabidhi, wakati kila mtu ameshamchoka mwenzake na hakuna anayetaka kusikia tena neno modeli.

Jengo limejengwa kwa hela ya umma, iwe shule, hospitali, mahakama, chochote kile. Msanifu kalipwa, mainjinia wamelipwa, kontrakta katoa funguo. Sasa ile modeli, yaani jengo zima lilivyochorwa kwa umbo na data kwenye kompyuta, faili lenyewe la Revit au Archicad au programu yoyote ya kuchorea waliyofanyia kazi, mteja ana haki nayo? Au apewe PDF na IFC basi yaishe? Kwa ambao hawajakutana nayo, IFC ni muundo wa wazi wa modeli za majengo, hakuna kampuni ya programu inayoumiliki, unaekspoti kutoka programu hii mwenzako anafungua kwenye programu ile, na tangu 2013 ni kiwango kamili cha kimataifa, ISO 16739.

Mimi nasema apewe vyote viwili na iandikwe kwenye mkataba siku ya kwanza.

Nawapa kisa. Nilipata kazi ya kuongeza ghorofa moja kwenye jengo la wagonjwa lenye kama miaka tisa hivi. Ofisi iliyolichora mwanzo ilishafungwa. Mteja akatutolea bunda la PDF na faili moja la Archicad, moyo ukanifurahi kweli nikajua kazi imerahisika, nalifungua kuta zipo, slabu zipo, lakini kila palipotakiwa kuwa na mlango au dirisha kuna kidoti tu. Vidoti jengo zima. Walisevu PLN ya kawaida badala ya PLA, ile inayofungasha laibrari yote ndani, na laibrari ilibaki kwenye seva ya ofisi ambayo haipo tena. Ni kuchagua tu aina ya faili wakati wa kusevu, sekunde tano, sisi ikatula wiki tatu za kupita wodi kwa wodi na leza na tepu, wagonjwa wamelala, tunaomba radhi kitanda hadi kitanda. Na hela ya kupima upya ilitoka kwa walewale waliokwishalipia mchoro huo mara ya kwanza. Ndo maana jambo hili linaniuma.

Karibuni.

Msanifu Mkongwe

Mleta mada pole kwa yaliyokukuta ila sikubaliani na wewe. Mteja kanunua jengo, hakununua karakana yangu. Ndani ya faili langu kuna templeti niliyoijenga kwa miaka kumi na mbili, kuna laibrari ya milango na ngazi tumeitengeneza wenyewe kipande kwa kipande, kuna skripti za kutoa shedyuli, yale majedwali ya milango, madirisha na kadhalika. Nikikabidhi faili asili leo, kesho naikuta kwa mshindani wangu, na sisemi kwa kubahatisha, imeshanitokea, nilifungua modeli ya ofisi nyingine nikakuta majina ya leya yangu vilevile, hadi spelingi moja niliyoikosea mwenyewe ipo palepale.

La pili ndo kubwa zaidi. Dhamana anabeba nani? PDF niliyosaini haibadiliki. Faili asili mtu anaingia anasogeza nguzo sentimita ishirini, anasevu, kesho kutwa kitu kikienda vibaya wanasema modeli ni ya nani, ni ya fulani. Mikataba mingi hakimiliki inabaki kwa msanifu, mteja anapata leseni ya kuitumia kwa jengo lile. Tuheshimu hilo.

Koodineta wa Modeli

Mimi kazi yangu ya kila siku ni kuunganisha modeli za watu wasiosikilizana, kwahiyo niruhusuni niongee kama mtu aliyepo katikati.

Wote wawili mnaongea kana kwamba faili asili likishakabidhiwa litafunguka tu milele. Halifunguki milele. Revit ukishapandisha faili toleo jipya hakuna kurudi nyuma, hakuna kusevu kwa toleo la chini, imeisha. Archicad angalau inakuruhusu kurudi toleo moja. Sasa mteja anayetunza faili asili inabidi atunze na programu, na Autodesk, wenye Revit, waliacha kuuza laisensi mpya za kudumu 2016, ni za kulipia kila kipindi. Yaani idara ya umma ikae inalipia programu mwaka hadi mwaka ili tu iweze kuangalia mchoro wa jengo lake yenyewe? Bei ikipanda atafanya nini? Hata wakubwa wamelalamika, Julai 2020 ofisi kadhaa kubwa za usanifu za Uingereza, Zaha Hadid Architects na Grimshaw wakiwemo, zilimwandikia mkuu wa Autodesk barua ya wazi kuhusu gharama na kasi ndogo ya kuiboresha Revit.

IFC ni kitu kingine. Lichukue faili la IFC lifungue na programu ya kawaida ya kuandikia maandishi, ile nyepesi kabisa, utaona mistari inaanza na alama ya # na namba halafu IFCWALL, IFCDOOR, IFCSLAB. Inasomeka kwa macho ya binadamu. Miaka thelathini ijayo kama kuna kompyuta inayosoma maandishi basi jengo lako lipo. Ndo sababu shirika la majengo ya serikali ya Ufini, Senate Properties, lilianza kudai IFC kwenye miradi yake tangu Oktoba 2007.

Kwahiyo kwangu IFC ndo lazima, faili asili ni la ziada.

Mleta mada

Koodineta nimekusoma na la kumbukumbu ya muda mrefu nakubali asilimia mia. Lakini IFC mimi siwezi kuongezea ghorofa mkuu. Naifungua, naiona, napima, nikitaka kubadilisha ukuta unakuta ni bonge la umbo, hauna leya zake za ndani zinavyotakiwa, mlango hauhami na tundu lake. Ni nzuri kusoma, ni mateso kuendelezea kazi. Na majengo ya umma hayakai kama yalivyo, kila baada ya miaka mitano mtu anavunja ukuta.

Na msidhani naota. Uingereza walipotangaza 2011 kwamba miradi ya serikali kuu itatumia BIM, yaani kazi ya kujenga kwa modeli zenye data, wakaanza rasmi Aprili 2016, mwongozo wao wa PAS 1192-2 wa 2013 ulitaja mafaili asili, COBie na PDF vikabidhiwe pamoja. COBie ni ile ya majedwali, orodha ya vyumba na vifaa vyote. Kwahiyo kudai faili asili sio ubabe wa kwangu mimi.

Mtunza Majengo

Jamani nyie wote ni wachoraji, niongee mimi ninayebaki na jengo nyie mkishaondoka.

Mimi Revit sina na sitaki kuwa nayo. Nina programu ya bure ya kuangalia IFC na nina lahajedwali. Nilikabidhiwa modeli nzuri sana kwa macho, ukizungusha inapendeza, kila mtu kapiga makofi kwenye kikao. Wiki ya pili mkaguzi wa moto anataka orodha ya milango ya kuzuia moto. Nikachuja milango yote, 214, nikaenda kwenye ile sehemu ya FireRating, inayosema mlango unazuia moto kwa dakika ngapi. Mingine imeandikwa "60", mingine "dk 60", mingine "FD60", thelathini na kitu iko wazi kabisa haina kitu, na milango kumi na moja haikuwa milango, ilitoka kama proksi, yaani programu inajua kuna kitu pale ila haijui ni kitu gani. Nimezunguka na karatasi nikisoma vibao vya chuma vilivyogongelewa kwenye bawaba, mlango mmoja mmoja.

Sasa niambieni, faili asili lingenisaidia nini hapo? Uchafu ungekuwa uleule. Mnagombania sanduku wakati kilichomo ndani hakijapangwa.

Koodineta wa Modeli

Mtunza umepiga penyewe.

Hiyo ya milango mnajua inatokea wapi? Inatokea watu sita wako kwenye faili moja, kila mmoja anaandika paramita, yaani zile data za kila kitu, kwa mkono wake. Dawa yake inajulikana, paramita haiandikwi kwa mkono, inachaguliwa kwenye orodha iliyofungwa, na kila Ijumaa kabla modeli haijatoka unaitoa shedyuli ya milango yote, unaipanga kwa hiyo safu, kinachokosekana kinapanda juu chenyewe unakiona. Dakika kumi. Na ile ya proksi ni mtu kachora mlango kama umbo huru kwasababu hakupata anaoutaka kwenye laibrari, akasahau kuupa aina yake ya IFC.

Mimi kwenye miradi yangu modeli haitoki kwenye kuandaliwa kwenda kwenye kushirikishwa bila kupita huo ukaguzi. Ndo hatua zile za ISO 19650 ya 2018, kiwango cha kusimamia taarifa za majengo, kazi inayoandaliwa, iliyoshirikishwa, iliyochapishwa, kumbukumbu. Watu wanazidharau wanaona ni majina ya mafolda tu. Ni milango minne, na kila mlango una mtu anayejibu.

Injinia wa Struktura

Naongeza mawili ambayo yananitesa mimi.

Kodineti. Nimepokea modeli ya msanifu imechorwa moja kwa moja kwenye namba za ramani za sevea, mpima ardhi, jengo liko mamia ya kilomita mbali na sifuri. Revit inataka kazi ikae ndani ya kilomita 16 kutoka asili yake ya ndani, yaani ile sifuri yake, ukitoka hapo mistari inaanza kucheza, hachi za kujazia michoro zinavunjika, kusnapu, yaani kunasa pointi, kunakudanganya. Tukapoteza siku tukidhani kadi ya picha imekufa. Jengo lichorwe karibu na asili, kodineti za pamoja zichukuliwe kutoka faili la kiwanja, na zikishawekwa pasiwe na mtu wa kuzigusa. Ikikosewa hiyo, hizo IFC zenu zote zitakutana hewani kila moja na upande wake.

Pili GUID. Kila elementi kwenye IFC ina utambulisho wake wa herufi 22. Ukihariri boriti inabaki ileile. Ukiifuta ukachora nyingine palepale, kwa macho ni ileile ila kwa data ni kitu kipya, na maoni yote ya BCF, muundo wa kutumiana maoni ya modeli, kuhusu klashi, yaani vitu viwili vinavyogongana, yaliyofungwa kwenye ile ya zamani yanabaki yanaelea. Nilikuwa na klashi moja ya dakti na boriti tumeifunga mara tatu, kila wiki inarudi mpya, kumbe kijana wa upande wa pili kila akipewa rekebisho anafuta na kuchora upya kwasababu anaona ni haraka. Hakuna aliyemwambia. Hiyo inatakiwa iwe somo la siku ya kwanza kazini.

Msanifu Mkongwe

Haya ya nidhamu ya data nayakubali yote, tena na ofisini kwangu yapo. Ila hamjanijibu. Templeti yangu na dhamana yangu.

Mleta mada

Mkongwe nakujibu kwa heshima maana hoja yako sio ya uchoyo, kazi ya miaka kumi na mbili ni jasho.

Kukabidhi faili asili sio lazima ukabidhi karakana. Kwenye Revit unalifungua faili kuu kwa kulitenga na seva, unapiga ukaguzi, unafuta kisichotumika, unaondoa viu za majaribio na shiti za ndani, familia zako za siri, yaani vile vipande vya milango na ngazi, zenye fomula unazibadilisha kwa zile nyepesi zenye umbo na data tu, kifaa cha eTransmit kinakukusanyia mafaili yote yaliyounganishwa kwenye folda moja. Kwenye Archicad unasevu PLA, umemaliza. Halafu, na hapa ndo watu wengi wanaruka, unalifungua kwenye kompyuta ambayo haijawahi kugusa mradi ule. Kama linafunguka kamili huko, umekabidhi. Kama lina vidoti, hujakabidhi. Kusafisha hivyo kunachukua siku mbili tatu za mtu mmoja na mteja azilipie, mimi hilo nalitetea.

Dhamana: PDF zilizosainiwa ndo zinabaki kuwa neno la mwisho, faili asili linatolewa kama msaada wa kuendelezea, na atakayelihariri anabeba jina lake kuanzia dakika ile.

Mtunza naye kanibadilisha mawazo. Nilianza na vitu viwili, sasa nasema vitatu, na nimeandika upya ili nikapeleke kwenye rasimu ya mkataba tunayoijadili kazini:

Mosi, IFC pamoja na faili asili lililosafishwa, likiwa limejaribiwa mbele ya mteja kwenye kompyuta isiyo ya mradi. Pili, PDF zenye saini zina nguvu juu ya modeli panapotofautiana. Tatu, malipo ya mwisho hayatoki mpaka mtunza jengo mwenyewe, sio msimamizi wa mradi, atoe kwenye IFC orodha za milango, pampu na paneli za umeme, na safu zilizokubaliwa zisiwe na tundu.

Mtunza Majengo

Hiyo ya tatu ongezeni vali za maji. Mara zote wanazisahau, na ndo kitu cha kwanza natafuta bomba likipasuka usiku.

Msanifu Mkongwe

Ya pili nasaini leo. Ya tatu nasaini, na vali ziwemo. Ya kwanza nitasaini siku nikiona "lililosafishwa" limeandikwa maana yake, kipi kinaondoka na kipi kinabaki, kwa orodha, kabla sijaweka bei ya tenda. Ukiniachia neno hilo likae peke yake tutarudi hapahapa siku ya kukabidhi.