Basi la kutupeleka kazini lipo, la kuwapeleka watoto mtoni liko wapi? (Louisville, Kentucky)

Wakuu, nina hasira tangu Jumamosi, na nimeona nisipoandika nitaishia kugombana na watu wasiohusika. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Huku South End ya Louisville tuko wengi tunaokisoma Kiswahili vizuri kuliko lugha nyingine, na najua wa Lexington na wa Nashville mtasoma na kusema hata kwenu ni hivyohivyo.

Jumamosi binti yangu wa mwisho alitimiza miaka 7. Hakutaka keki. Alitaka kuvuka kwa miguu lile daraja la mto Ohio pale bustani ya Waterfront Park, linaitwa Big Four, kwa sababu aliona picha zake za usiku likiwa limewashwa taa za rangi. Kulivuka ni bure, na bustani ya pale chini ni bure. Nikamwambia sawa mama, tutakwenda. Kutoka kwetu, karibu na Taylor Boulevard, mpaka mtoni ni kama maili 6 tu.

Saa nne kasorobo asubuhi tulishafika kituoni, mimi na watoto watatu. Nikisema kituo msifikirie kibanda. Ni nguzo yenye kibao, imechomekwa kwenye majani kando ya barabara. Benchi hakuna, kivuli hakuna, na njia ya waenda kwa miguu inakatika kabla hujaifikia nguzo, kwa hiyo unasimama majanini umewashika watoto mikono huku magari yanapita kwa kasi mbele ya vidole vyao. Na hii ni Agosti. Mnaoijua Agosti ya bonde la Ohio mnalijua lile joto la unyevu, nguo inalowa jasho hata kama hujapiga hatua.

Programu ya simu ikasema basi liko dakika 9. Ikasema 4. Halafu basi likafutika kwenye skrini. Linalofuata, saa nzima baadaye. Tukangoja. Maji niliyobeba kwa ajili ya matembezi yakaishia palepale kituoni. Lilipokuja hilo la pili, mimi niliinua mkono, mwanangu mkubwa aliinua mkono, na huyu mdogo mwenye gauni la njano alikuwa anarukaruka kabisa. Likapita. Viti vilikuwa wazi, nimeviona kwa macho yangu.

Mtoto akaniuliza, "Mama, kwa nini amekataa kutubeba?"

Nimeshindwa kumjibu mpaka leo.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mimi nafanya kazi kwenye ghala la vifurushi, shifti ya usiku. Jumatatu mpaka Ijumaa basi la kunifikisha kule linakuja. Linachelewa, lakini linakuja, na ndani tumejaa sisi kwa sisi: Wakongo, Warundi, Wasomali Wabantu, Wakuba. Mji unajua tunakokaa pale unapohitaji mikono yetu. Ikifika wikendi, tunapotaka kuwatoa watoto wapate hewa, tunakuwa hatuonekani hata tukivaa njano.

Na msiniambie kwamba ni huduma ya msaada tunayopewa. Nimekaa na karatasi yangu ya mshahara. Kila anayefanya kazi kwenye kaunti hii anakatwa kodi ya ajira, na ndani ya kodi hiyo kuna asilimia 0.2 ya mabasi ambayo wapiga kura waliipitisha mwaka 1974. Yaani katika kila dola 100 ninayopata, senti 20 zinakwenda kwenye mabasi kabla sijaigusa hela. Nimelipa tangu wiki ya kwanza niliyoanza kazi mwaka 2017. Nililipa hata wiki ile niliyotembea dakika 50 kwenye theluji kwa sababu basi halikutokea. Tunaambiwa madereva hawatoshi na fedha ni chache. Naelewa, dereva naye ni mfanyakazi kama mimi. Lakini kwa nini kila kinapokatwa kitu kinaanza kukatwa cha Jumamosi na Jumapili, na kinaanza upande wetu?

Nimezaliwa Fizi, Kongo. Nimekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, miaka 14. Wanaopajua wanajua kwamba kutoka nje ya kambi ilikuwa lazima uwe na kibali, na ukikamatwa barabarani bila karatasi ni matatizo. Watoto wangu wawili wakubwa walizaliwa ndani ya mipaka hiyo. Nilipopanda ndege niliwaambia: tunakokwenda, mkitaka kwenda kuona mto, mtakwenda kuona mto. Niliwaahidi. Jumamosi nilisimama kwenye ile nguzo nikaona nimewadanganya wanangu, na hilo ndilo lililoniliza, kuliko joto na kuliko basi lenyewe.

Mwishowe nikaita teksi ya simu. Dola 23 kwenda. Fedha hiyo ilikuwa ya chakula cha kule, nikaitoa.

Na niwaambie ukweli, daraja ni zuri. Binti yangu alikimbia mpaka katikati, akashika vyuma, akaangalia majahazi ya mizigo yanavyopita chini yake taratibu. Upande wa pili ni Jeffersonville, jimbo la Indiana, watoto wakashangaa kwamba wamevuka jimbo kwa miguu bila mtu kuwauliza karatasi. Lilijengwa kwa ajili ya treni, likamalizika mwaka 1895. Treni zilipoacha kulitumia, mwaka 1969 wakabomoa sehemu za kupandia pande zote mbili, likabaki linaning'inia juu ya mto, huwezi kulipanda kutoka upande wowote. Zaidi ya miaka 40 likakaa hivyo. Mwaka 2013 wakafungua njia ya kupandia upande wa Louisville, mwaka uliofuata upande wa Indiana, na tangu hapo watu hawakatiki. Kwa hiyo wakubwa wa hapa wanafahamu vizuri kwamba daraja lisilo na njia ya kulifikia halimfai mtu. Kwangu mimi njia ya kulifikia daraja lile inaanzia pale kwenye nguzo yangu ya Taylor Boulevard.

Nilikuwa nimepanga pia tuingie Muhammad Ali Center, jumba la makumbusho la yule bondia, iko hapohapo kando ya mto. Kwangu pale si pa utalii. Marehemu baba yangu alikuwa kijana Uvira mwaka 1974, mwaka uleule wa ile kodi, Ali alipompiga Foreman Kinshasa raundi ya nane. Pambano lilianza saa kumi alfajiri. Baba alisema walikesha kwenye redio moja ya jirani, na kulipokucha barabara nzima ilikuwa inapiga kelele "Ali boma ye", yaani Ali muue, hata bibi zetu wasiojua Lingala. Nilipoambiwa mji wetu wa kuhamia ni Louisville, nilimpigia simu kaka yangu nikamwambia nakwenda kukaa kwenye mji wa Ali. Miaka yote hii uwanja wa ndege wenye jina lake nimeuona kila usiku nikienda kazini. Ndani ya jumba lake sijaingia. Jumamosi tulifika mtoni mchana umekwenda, mtoto mdogo kachoka, fedha imebaki ya kurudia tu. Tukageuza.

Kurudi ilikuwa dola 41, kwa sababu mjini kulikuwa na watu wengi na bei ilipanda. Jumla dola 64 kwenda kuona kitu cha bure.

Sasa kuna watakaokuja hapa kuandika "dada, nunua gari." Mmeshaandika kwenye magrupu na mtaandika tena. Nilikuwa na gari. Liliharibika gia, fundi akataka hela kuzidi bei niliyolinunulia. Bima ya gari Kentucky mnaijua, wala sina haja ya kuielezea. Na je, mama yangu wa miaka 71, asiyeona vizuri, naye anunue gari? Mtoto wa miaka 15? Wewe mwenye gari leo, ukiumia mgongo huko ghalani utaendesha nini?

Iroquois Park tunaifikia kwa miguu, na namshukuru Mungu kwa hilo. Bustani ile ilichorwa na Olmsted, yule wa Central Park ya New York, miaka ya 1890, enzi ambazo mfanyakazi wa kawaida hakuwa na gari. Watu wa Louisville walikuwa wanakwenda kule Jumapili kwa tramu. Hebu fikirieni. Mfanyakazi wa wakati huo alikuwa na usafiri wa Jumapili wa kumfikisha bustanini, na mimi nipo hapa naangalia skrini inayofuta basi. Jefferson Memorial Forest, msitu wa mji wenye zaidi ya ekari 6,000, nimeuona kwenye picha za watu tu. Mwezi Mei, wiki ya Derby, yale mashindano makubwa ya farasi, kila njia ya South End inapangwa upya ili wageni wafike kwenye farasi, askari wanaongoza magari, jirani zetu wanaegesha magari ya watu kwenye majani yao kwa hela. Kumbe huku kunafikika.

Nimeamua hivi. Nimeanza daftari. Kama umewahi kupitwa na basi ukiwa kituoni Louisville, au limefutika kwenye simu, niandikie hapa chini: tarehe, saa, namba ya njia, kituo, na mlikuwa mnakwenda wapi. Hilo la mwisho msilisahau, hata kama ni kanisani, sokoni au kumtembelea mgonjwa. Usiweke anwani ya nyumba wala jina lako kamili. Zikifika 20 mwanangu mkubwa atazitafsiri, nami nitampelekea diwani wa eneo letu kwa mkono, na nitaomba nafasi ya kusema kwenye kikao.

Naanza na langu: Jumamosi, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, Taylor Boulevard, watu wanne, tulikuwa tunakwenda darajani.