Mrejesho: Spika za bei nafuu za kuchezea gemu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliwaomba ushauri wa spika za kompyuta zisizozidi shilingi laki moja, na wengi mkanielekeza Creative Pebble, ambazo nimezipata soko la Darajani, hapa Zanzibar. Koni zake (sehemu zinazotoa sauti) za inchi 2, zilizoinuliwa nyuzi 45 kuelekea masikioni, hunibainishia nyayo za adui wa kushoto na wa kulia bila ya shida, ingawa mshindo wa mabomu ni mwepesi, jambo ambalo Mji Mkongwe, ambako madirisha ya majirani yanatazamana, mimi naliona ni neema. Mvumo uliokuwa ukisikika kila kadi ya picha ilipoelemewa uliondoka nilipouhamisha waya wa USB, unaozipa umeme, kutoka kwenye kompyuta na kuuchomeka kwenye chaja ya simu, huku waya wa sauti ukibaki palepale. Subufa, yaani spika ya mdundo mzito, sitanunua.