Hilux inakaa Makete miezi bila kutembea, betri inakufa kila msimu. Nichukue ya aina gani?

mlimaviazi_mkt
Wakuu habari za jioni. Nina Hilux ya dizeli iko nyumbani Makete, mimi kazi iko Iringa mjini, kwa hiyo gari inatembea wakati wa kupanda na kuvuna viazi tu, hapo katikati inamaliza miezi miwili mitatu imepaki. Nikienda nakuta betri chali, stata inalia tk tk tk basi, tunaita vijana tunasukuma kwenye tope. Nimeshabadilisha betri na bado yale yale. Kuna dogo anakaa pale huwa anaiwasha kila Jumapili dakika kumi. Sasa muuzaji ananiambia nichukue betri kubwa ya sola eti inatunza chaji. Nishaurini kabla sijatoa hela.

fundi_umeme_Mafinga
Mkuu ya sola acha. Betri ya gari ina plate nyingi nyembamba ili imwage umeme mwingi kwa sekunde chache, ya sola plate zake ni nene, zimetengenezwa kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Dizeli asubuhi ya mwezi wa saba huko kwenu itakuumbua.

Halafu dogo mwambie aache. Kila akiwasha, stata na hita plagi (zile za kupasha injini ya dizeli moto kabla ya kuwaka) zinakula chaji, na dakika kumi gari imesimama hairudishi kitu cha maana, wiki kwa wiki betri inazidi kushuka na wewe unajua inatunzwa.

Kinachoua betri ni kulala haijajaa. Iliyojaa ikipumzika masaa kadhaa inasoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 ujue imebaki kama nusu, 12.0 ni robo. Ikishuka chini ya 12.4 ikaachwa hivyo, kwenye plate kunaota salfeti, mwanzoni ni laini na chaji inaitoa, ikikaa sana inakuwa ngumu kama ukoko wa ugali haitoki tena. Sasa hata ununue mpya ya bei gani, ukiiweka kwenye maisha yale yale itakufa tu.

Una alamu au GPS kwenye hiyo gari? Vikila miliampia 50 tu ni kama 1.2Ah (ampia kwa saa, kipimo cha chaji) kwa siku, mwezi mmoja 36Ah zimeondoka, na betri ya saizi ya N70, yenye kama 70Ah, nusu yake ndio hiyo. Kwa hiyo ukipaki fungua waya wa hasi, spana namba kumi dakika moja umemaliza. Kila mwezi dogo aichaji kwa chaja ndogo ya kujizima mpaka ijae kabisa. Aichajie nje au mlango wazi, hewa inayotoka pale inalipuka, asivute sigara karibu.

Mama_wa_Uyole
Kaka, baba yangu alikuwa anatuambia betri ukiiweka kwenye sakafu ya simenti inanyonywa chaji, aweke juu ya ubao. Na mimi ya Noah naongezea maji ya bomba ikipungua, ni sawa?

fundi_umeme_Mafinga
Dada, hiyo ya simenti ni ya zamani, makasha ya siku hizi ni plastiki haipitishi kitu. Ila maji ya bomba hapana jamani, yana chumvi zinazoharibu plate. Nunua yale yaliyochujwa, na asidi usiongeze kabisa, kinachopungua pale ni maji. Yafunike plate tu, ukijaza juu zaidi ufanye hivyo chaji ikishamaliza maana yanapanda.

mlimaviazi_mkt
Nimekupata fundi. GPS ipo kweli, niliiweka kwa ajili ya wizi. Sasa dukani nachaguaje? Na baridi yetu ile haiimalizi?

fundi_umeme_Mafinga
Baridi inaisaidia ikiwa imelala, inajiisha taratibu kuliko joto la Dar. Shida ni siku ya kuwasha, oili nzito na betri inatoa nguvu pungufu, ndio maana lazima iwe imejaa.

Dukani chukua saizi ile ile ya gari, angalia terminali ya chanya iko upande gani, chukua hizi za kalsiamu zisizoongezwa maji, zinajiisha polepole kuliko za vifuniko. Soma tarehe ya kutengenezwa, iliyokaa rafu mwaka mzima achana nayo, na mwambie apime mbele yako, ikiwa chini ya 12.5 nenda duka jingine.

Kwa GPS weka paneli ndogo ya sola ya wati 20 juu ya banda, na kontrola yake ya kuzuia chaji isizidi, betri ibaki imeungwa. Bila paneli, GPS itabidi izimike ukifungua waya. Kufungua anza hasi, kufunga malizia hasi, spana ikigusa bodi ukiwa kwenye chanya inapiga shoti.