Tupeane uzoefu: maamuzi ya kocha yaliyomjenga au kumrudisha nyuma kijana wa hoki ya barafu

Wakuu, salaam. Nawauliza mliocheza, wenye vijana wanaocheza, na makocha: ni uamuzi gani uliomsogeza kijana mbele, na upi ulimkwamisha?

Kilichonisukuma ni winga Juraj Slafkovský. Klabu ya Montreal Canadiens walimchagua wa kwanza kati ya chipukizi wote mwaka 2022, wakambakiza NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, akiwa na miaka 18. Msimu huo mechi 39, pointi 10 (mabao na pasi za mabao pamoja), kisha jeraha. Wengi wakasema ameharibiwa. Msimu wa 2023-24 kocha Martin St. Louis akampandisha safu moja na Nick Suzuki na Cole Caufield, akamaliza na mabao 20 na pointi 50. Mimi naamini kijana hukua kwa dakika zenye uzito, si kwa jezi ya timu kubwa tu. Karibuni.

Winga Mstaafu: Umegusa penyewe mkuu. Nilipandishwa timu ya wakubwa mapema, nikawekwa safu ya nne, ile inayopewa dakika chache zaidi. Unaingia barafuni sekunde 40, unarudi benchi muda mrefu, miguu inapoa, mikono inakuwa mizito. Kisahani, ndicho mpira wetu, kikinifikia nakipiga mbele haraka kisinipotee, maana ukikipoteza zamu inayofuata huioni. Nikazoea kucheza kwa woga. Kocha aliyefuata alinirudisha timu ya vijana. Niliumia sana, lakini kule nilipangwa tukiwa watano dhidi ya wanne, mpinzani mmoja akiwa ametolewa kwa adhabu, na dakika za mwisho tukilinda bao moja. Ndiko nilikojifunza kutulia, kuinua kichwa na kutafuta mwenzangu kabla ya kutoa pasi.

Mama Beki: Binti yangu alikuwa senta, mshambuliaji wa kati. Kocha wa kwanza alimhamishia ulinzi, hakumwambia kwa nini. Mtoto akaamini ameshushwa, mazoezini akawa anaburuta miguu. Kocha wa pili akambakiza hukohuko, ila alimwita pembeni na ubao wake mdogo, akamchorea jinsi anavyoweza kuanzisha shambulizi toka nyuma kwa sababu anauona uwanja mzima. Nafasi ileile, mtoto tofauti kabisa. Hata Brent Burns wa NHL alichezeshwa mbele pale klabu ya San Jose, akarudishwa beki, na mwaka 2017 akatwaa tuzo ya Norris ya beki bora wa NHL.

Kocha wa Watoto: Nawaunga mkono, ila tatizo huanza mapema zaidi. Kanada watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia tarehe 1 Januari. Wa Januari na wa Desemba wanapimwa siku moja, ilhali mmoja amemtangulia mwenzake karibu mwaka mzima. Jicho la kocha linavutwa na mwili: mkubwa anapewa dakika na mazoezi ya ziada, mdogo anaachwa. Ndiyo maana timu teule za vijana huwa na wengi waliozaliwa miezi ya mwanzo. Kwangu safu zote hupokezana sawasawa mpaka king'ora cha mwisho, hata tukiwa nyuma kwa bao. Wapo wazazi wanaonuna. Sibadilishi.

Winga Mstaafu: Kocha, na akikosea kijana, unamtoa?

Kocha wa Watoto: Zamu inayofuata anaingia kama kawaida. Namwambia neno moja tu akiwa anakunywa maji, mengine tunayaongea mazoezini.

Mama Beki: Laiti yule wa kwanza angefanya hivyo. Tulipoteza msimu mzima.